Dawa ya maumivu ya kuvuta kwa pumzi: mwongozo kwa tunaowafuata majeruhi porini

Mzee alikuwa chini ya mninga, mgongo kaegemeza kwenye mzizi, paja la kulia limepinda mahali ambapo hapana kiungo. Pembeni yake mzinga wa gogo ulikuwa umepasuka, masega yamemwagika kwenye majani, na nyuki walikuwa hawajatulia. Vijana wa bodaboda walishajaribu kumnyanyua mara mbili. Kila walipomgusa alipiga ukelele, wakamwacha. Sisi tulikuwa tumeacha barabara kubwa ya Sikonge na kuingia ndani kwa zaidi ya saa moja. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mwanangu, usiniguse."

Tulimgusa. Tulivuta mguu ukanyooka, tukafunga banzi, tukamweka kwenye machela, tukampakia. Zilikuwa dakika 22 tangu avute pumzi ya kwanza ya gesi mpaka mlango wa gari kufungwa. Wala hakulala. Muda wote alikuwa akiongea, na sehemu kubwa ya maongezi ilikuwa kunilaumu kwa kumchana suruali.

Naanza na mzee huyu kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi ni la watu kudhani dawa ya kuvuta ni ya safari. Mkoa wa Tabora safari ni ndefu kuliko mtungi wowote utakaobeba. Dawa hii ni ya zile dakika mbaya kuliko zote: kunyoosha, kufunga, kunyanyua. Ukiipangia kazi hiyo haitakuangusha. Ukiitegemea kutoka Kitunda mpaka hospitali ya mkoa ya Kitete, itaisha njiani na mgonjwa atakulaani.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, matabibu na wahudumu waliofundishwa na kuruhusiwa na mganga mfawidhi wao. Dereva asome pia, maana yeye ndiye atakayefunga mtungi vizuri au vibaya. Asiye na mafunzo asome ajue, ila asishike vali.

Una nini mkononi

Dawa za kuvuta zinazotumika kwenye dharura ni mbili, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni naitrasi oksaidi, ile gesi ya kucheka. Humphry Davy aliivuta mwenyewe huko Bristol mwaka 1799, na mwaka uliofuata akaandika kwamba inaondoa maumivu na huenda ikafaa kwenye upasuaji. Ikapita miaka zaidi ya arobaini kabla Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, hajang'olewa jino lake mwenyewe kwa gesi hiyo mwaka 1844. Ila aliyeifanya ifae kubebwa kwenye gari ni Michael Tunstall wa Uingereza, ambaye mwaka 1961 aliweka gesi hiyo na oksijeni, nusu kwa nusu, ndani ya mtungi mmoja. Hiyo nusu ya oksijeni ndiyo uhai wa mgonjwa. Naitrasi oksaidi tupu inaua, tena kimya kimya. Usichanganye mwenyewe kutoka mitungi miwili ya chumba cha upasuaji, hata kama fundi anakwambia mipira inaingiliana. Soma maandishi ya mtungi kila mara, usitegemee rangi peke yake.

Chombo chenyewe kina mtungi, kidhibiti cha mgandamizo chenye mshale, mpira, na vali inayofunguka pale tu mgonjwa anapovuta kwa barakoa au kipande cha mdomo. Asipovuta, hakitoki kitu. Nafuu huanza ndani ya nusu dakika hivi, hufika kileleni dakika ya 2 au ya 3, na akiacha kuvuta huisha ndani ya dakika chache.

Sasa piga hesabu. Mtungi mdogo wa kubeba huwa na lita 500. Mtu mzima mwenye maumivu makali huvuta lita 10 mpaka 15 kwa dakika. Akivuta mfululizo, mtungi mzima ni dakika 33 mpaka 50, basi. Kabla ya kuondoka kituoni angalia mshale: ukiwa robo, una dakika 8 mpaka 12, na hizo hazitoshi kufunga paja.

Ya pili ni methoksiflureni. Hii ni kimiminika chenye harufu tamu kama ya matunda, huja kwenye chupa ya mililita 3, humiminwa ndani ya kifaa cha plastiki chenye utambi, na mgonjwa huvuta mvuke wake. Waaustralia huiita filimbi ya kijani, na wameitumia kwenye magari ya wagonjwa tangu miaka ya 1970. Historia yake ina doa. Miaka ya 1960 ilikuwa dawa kamili ya usingizi, watu walivutishwa kwa saa nyingi, ikaonekana inaharibu figo, kwa sababu mwili unapoivunja hutoa floraidi. Marekani iliiondoa rasmi mwaka 2005. Kilichoiokoa kwingine ni kupunguza kipimo: chupa 1, na ikibidi chupa ya pili. Kikomo ni mililita 6 kwa siku na mililita 15 kwa wiki, na haitolewi siku mbili mfululizo. Vikomo hivyo havina "kidogo tu".

Chupa moja hutoa nafuu ya dakika 25 hadi 30 kwa kuvuta mfululizo, au karibu saa moja kwa kuvuta na kupumzika. Haina mtungi, haina mshale, inakaa mfukoni. Kwa mtu aliyeangukia korongoni, ningeichagua hii. Kwa mama mwenye uchungu au mtoto, ningechagua gesi. Kabla ya kuagiza chochote, angalia usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwa gesi uliza jambo la pili ambalo wengi husahau: mtungi ukiisha utajazwa wapi? Najua kituo kimoja kilichopewa mitungi miwili mizuri na wafadhili. Iliisha ndani ya mwezi, ikageuzwa vizuizi vya mlango.

Hatua ya kwanza: eneo, halafu mgonjwa

Naitrasi oksaidi haiwaki yenyewe, ila hulisha moto kama oksijeni inavyofanya. Kwa mlina asali hili si jambo la vitabuni. Mwenge wake wa kufukizia nyuki ulikuwa bado unafuka hatua nne kutoka kichwani kwake. Tuliuzika kwa mchanga kwanza ndipo nikafungua mtungi. Vivyo hivyo kwa mwenye sigara. Mikono yenye grisi au mafuta ya kujipaka isiguse vali, kwa sababu mafuta na oksijeni ya mgandamizo vinaweza kulipuka.

Kisha mambo ya kawaida ambayo gesi haiyafuti: njia ya hewa, kupumua, damu inayotoka. Paja lililovunjika linaweza kuficha damu nyingi ndani. Zuia damu, pima mapigo na presha, weka oksimita, kipima oksijeni ya damu, kidoleni. Muulize maumivu ni kiasi gani, sifuri hadi kumi. Wazee wengi hawapendi namba, basi mwambie akuonyeshe kwa vidole. Mzee wangu alinyoosha vyote kumi, kisha akasema na vya miguuni niongeze.

Hatua ya pili: nani asipewe

Kwa naitrasi oksaidi, tafuta hewa iliyofungiwa mwilini. Gesi hii huingia kwenye uwazi uliofungwa haraka kuliko naitrojeni inavyotoka, kwa hiyo uwazi huvimba. Hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua inaweza kuongezeka mara dufu ndani ya dakika kumi au zaidi kidogo, na hapo umemgeuza mwenye mbavu zilizovunjika kuwa mtu anayekata roho. Weka stethoskopu pande zote mbili. Pafu moja likinyamaza, au ukisikia vipovu vinapasuka chini ya ngozi ya kifua, gesi hapana. Utumbo ulioziba, tumbo limevimba na anatapika: hapana. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni na kuwekewa gesi ndani ya jicho: hapana. Kwa wenzetu wa Kigoma wenye ziwa, aliyetoka kupiga mbizi kwa mtungi au kompresa, kama wale wanaotafuta samaki wa mapambo, asipewe kabisa, hasa akilalamika viungo vinauma. Anaweza kuwa na vipovu kwenye damu.

Kwa methoksiflureni maswali ni ya figo, ini na vidonge. Ana ugonjwa wa figo? Amewahi kupata homa kali au shida ya ini baada ya dawa ya usingizi, yeye au ndugu wa damu? Presha iko chini sana? Hapana. Uliza pia dawa anazotumia: rifampisini na aisoniazidi za TB, baadhi ya ARV kama efavirenzi na nevirapini, fenobabitali ya kifafa. Hizi huharakisha uvunjaji wa methoksiflureni mwilini, na sumu kwa figo huongezeka. Tetrasaiklini na jentamaisini nazo haziendi nayo. Swali la ARV usilitupe mbele ya kundi la bodaboda. Inama, uliza sikioni, au omba kadi.

Kwa zote mbili: asiyejitambua sawasawa, aliyeumia kichwa akawa anasinzia au anaropoka, aliyelewa gongo kiasi cha kushindwa kufuata maelezo, na aliyevunjika taya asiyeweza kubana kipande cha mdomo. Hawa watafutie njia nyingine.

Watoto: gesi inafaa kwa mtoto anayeelewa na anayeweza kushika barakoa mwenyewe, kwa kawaida kuanzia miaka 5 hivi. Methoksiflureni kwa watoto, fuata mwongozo wa nchi na wa kituo chako, maana nchi zinatofautiana.

Hatua ya tatu: mkono ni wa mgonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usalama wote wa dawa hizi umejengwa juu ya jambo moja dogo. Anayeshika ni mgonjwa mwenyewe. Akizidiwa, usingizi unamjia, mkono unalegea, barakoa inaanguka, anavuta hewa ya kawaida, anaamka. Huna kifaa cha kumlinda kizuri kuliko huo mkono.

Na ndio unaovurugwa kwanza. Ndugu wana huruma. Niliwahi kugeuka kuchukua bandeji, nikarudi nikamkuta shemeji wa majeruhi kambana barakoa usoni kwa mikono miwili, anamwambia, "Vuta kaka, vuta, usiache." Kaka macho yamepanda juu. Niliitoa, nikamwita jina, akashtuka baada ya muda ambao ulikuwa mfupi kwa saa na mrefu kwangu. Tangu siku hiyo nawaambia ndugu kabla sijafungua mtungi: "Dawa hii haishikwi na mwingine. Hata mimi simshikii." Ukitaka kumpa ndugu kazi, mpe mwavuli.

Maelezo kwa mgonjwa yawe mafupi. Kwa mzee nilisema hivi: "Mzee wangu, hii utaishika mwenyewe. Bana mdomo usiache upenyo. Vuta polepole, toa humo humo. Utasikia kichwa chepesi, midomo inachonyota, pengine utacheka. Ukichoka, iachie tu. Sitakugusa mguu mpaka uniambie." Akauliza, "Na nikicheka mbele ya hawa vijana?" Nikamwambia wao ndio watakaocheka.

Kipande cha mdomo mara nyingi ni bora kuliko barakoa kwa mwenye hofu ya kufunikwa uso. Kiwe kipya kwa kila mgonjwa, na kati yake na vali kuwe na kichujio. Huku TB ipo.

Kwa filimbi: chomeka kwanza kichemba cha mkaa kwenye tundu la juu. Inamisha kifaa kama nyuzi 45, mimina chupa nzima ya mililita 3 kupitia nyuma huku ukikizungusha ili utambi unyonye sawasawa. Mvishe kamba mkononi. Pumzi za kwanza ziwe ndogo, maana harufu humshtua mtu akakohoa. Nafuu huja baada ya pumzi 6 hadi 10. Atoe pumzi humo humo ili mkaa unase mvuke, usibaki ndani ya gari. Akitaka nguvu zaidi, azibe tundu dogo kwa kidole anapovuta.

Hatua ya nne: dakika zipangwe kabla

Kabla ya pumzi ya kwanza, kila kitu kiwe chini, karibu: banzi limepimwa kwenye mguu mzima, bandeji zimekatwa, machela imefunguliwa, wabebaji wanne wanajua nani anashika wapi. Dereva amegeuza gari. Ukianza kutafuta mkasi mgonjwa akiwa anavuta, unachoma gesi bure.

Ndipo avute, na usubiri. Dakika 2 kamili. Hapa ndipo haraka hutuponza, kwa sababu baada ya nusu dakika anaanza kutabasamu nawe unadhani tayari. Mtazame mabega. Yakishuka, uliza vidole. Mzee alishusha kutoka kumi mpaka vinne, nikasema, "Sasa nashika." Nikavuta kwa mwendo mmoja, bila kusita wala kurudi nyuma, mwenzangu akafunga. Kabla na baada tulihisi mapigo juu ya unyayo na kumwambia achezeshe vidole vya mguu.

Ukimaliza kufunga, mruhusu apumzike pumzi chache za hewa ya kawaida. Avute tena dakika 2 kabla ya kunyanyuliwa. Kwa mama mwenye uchungu, aanze mara tu uchungu unapoanza kupanda, asingoje kilele, kwa sababu gesi huchelewa karibu dakika nzima, na aache uchungu unaposhuka. Dereva wa jamii anayeitwa kupitia 115 kwa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, hahusiki na haya. Gesi ni kwa gari lenye muuguzi.

Jambo moja la mwinuko: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Nusu ya gesi hapa ina nguvu pungufu kidogo. Usishangae mtu kubaki kwenye vidole vinne. Nne inatosha kumfunga.

Hatua ya tano: unachoangalia

Ongea naye. Mazungumzo ndiyo mashine yako bora. Akijibu kwa sentensi, sawa. Akianza kujibu neno moja moja, mwambie apumzike. Asipojibu, toa kipande, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni. Kichefuchefu ni cha kawaida, kwa hiyo ndoo iwe karibu, na mgonjwa aweze kugeuzwa pamoja na machela yake. Kizunguzungu na ganzi ya midomo hupita.

Oksimita inadanganya kidogo kwa gesi: mgonjwa anavuta nusu oksijeni, kwa hiyo namba itapendeza. Iangalie zaidi anapoacha, kwa sababu naitrasi oksaidi inayotoka kwenye mapafu husukuma oksijeni pembeni kwa dakika chache. Ikishuka chini ya 94, mpe oksijeni.

Ndani ya gari fungua madirisha au washa feni, hasa mwenzako akiwa mjamzito. Najua vumbi la barabara zetu kiangazi. Fungua la mbele na la nyuma, na la paa kama lipo, mfunike mgonjwa shuka. Sisi ndio tunaovuta mabaki ya kila mgonjwa, siku baada ya siku, na naitrasi oksaidi ikizidi huharibu kazi ya vitamini B12 mwilini.

Hatua ya sita: kinachoshika zamu

Dawa ya kuvuta ikiisha, imeisha. Kwa hiyo ya pili ianze kabla haijaisha. Kwa mtu mzima anayemeza vizuri na asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli gramu 1 mdomoni mapema, hata kabla ya gesi, ili ifanye kazi mtakapokuwa barabarani. Kwa aliyeruhusiwa na mwenye dripu, ketamini ya maumivu ni miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kila kilo, ndani ya dakika 10 hadi 15, polepole, si kipimo cha usingizi. Usiiunganishe na gesi kwa wakati mmoja kama huna wa kumwangalia peke yake, maana hapo mkono wa mgonjwa haukulindi tena.

Na banzi lenyewe ni dawa. Mfupa uliotulia hauumi kama unaochezacheza kwenye mashimo.

Kwenye fomu ya rufaa andika jina la dawa, saa ya kuanza na kumaliza, vidole kabla na baada, na kwa filimbi idadi ya chupa. Kitete wakitaka kumpa tena kesho yake, wajue kikomo. PF3, fomu ya polisi, kwa wa ajali itafuata, isicheleweshe banzi.

Mtungi ukirudi kituoni

Funga vali ya mtungi, toa gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo ufungue kidhibiti. Mtungi ulale umefungwa mkanda ndani ya kabati lenye hewa, mbali na jua na jiko. Vitabu vinaonya kwamba chini ya nyuzi joto 6 za hasi mchanganyiko hujitenga, mgonjwa akaanza na oksijeni na kuishia na gesi karibu tupu. Baridi hiyo Tabora hatuijui, ila mtungi ukisafirishwa kwa ndege unaweza kuikuta, kwa hiyo mpya ukifika hivyo ulaze siku nzima mahali pa joto kabla ya kuutumia.

Filimbi iliyotumika na chupa yake viingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, kisha kwenye taka za hospitali. Usimwachie ndugu. Inafanana na kitu cha kuchezea, na mtoto ataipuliza.

Kwenye mtungi wetu nimefunga kipande cha plasta na kalamu. Siku ile tulirudi saa tatu usiku, mshale ulikuwa nusu. Nikaandika NUSU, tarehe, nikasaini, na nikamwambia dereva kesho asubuhi huu haupandi gari mpaka ule wa akiba uwe pembeni yake.